Kilicholowa Kiwekwe Juu

Mwenye nyumba anayetaka kuuza humwita fundi rangi kabla hajamwita dalali. Mimi ndiye huyo anayeitwa. Napiga rangi Dar es Salaam, Sinza na Tandale hadi Tabata na Mbagala, na sehemu kubwa ya kazi zangu siku hizi ni nyumba zinazongoja wateja. Maelekezo hufanana: sebule iwe nyeupe, geti lipigwe nyeusi iliyokolea, dari yenye madoa ya mvua irudiwe, na yote yaishe kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi mteja anakuja. Dalali naye ana yake. Atataka mapazia yafuliwe, makochi yaliyochoka yatolewe na yaletwe ya kuazima kwa jirani, taa ziwashwe hata kama ni saa sita mchana, na chetezo cha udi kipitishwe vyumbani muda mfupi kabla gari halijasimama nje. Anajua kwamba mteja huamua akiwa bado getini, na mengi anayoyauliza huko ndani ni ya kuutafutia sababu uamuzi alioshafanya.

Simlaumu dalali kwa kulijua hilo. Binadamu ndivyo tulivyo. Swali langu ni la mtu aliyeshika brashi, na limenikaa moyoni muda mrefu: katika kazi hii ya kumtamanisha mteja, ni wapi ninapoacha kupamba na kuanza kudanganya? Mkono ni uleule, kopo ni lilelile, na malipo yangu hayabadiliki. Lakini ninayepokea malipo hayo naamini kwamba kuna siku nitaulizwa yalikuwa ya nini.

Nianze na upande wa kupamba, kwa sababu wapo wacha Mungu wanaouonea. Rafiki yangu mmoja, imamu wa msikiti wa mtaani kwetu, huniambia kwamba nyumba iuzwe ilivyo, na chochote kilichoongezwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi ni ghushi. Namheshimu, ila hapo sikubaliani naye. Uchafu nao hudanganya. Nimewahi kuitwa Tanga, mitaa ya Ngamiani, kwenye nyumba ya mirathi. Ndugu walikuwa wamegombana mpaka hakuna aliyekuwa tayari kufagia. Uwanja umeota magugu, popo wamejaa darini, harufu yao inakupokea mlangoni. Kila mteja aliyekuja alitaja bei ya kiwanja, kana kwamba juu yake hakuna nyumba. Na katika warithi walikuwamo yatima wawili ambao sehemu yao ilipungua kila popo mmoja alipoonekana.

Mlango mkubwa wa nyumba ile ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya mafuta, miaka na miaka. Nilipoanza kukwangua kwa skrepa ikatoka kahawia, chini yake kijani, chini yake buluu iliyopauka, na chini kabisa kitu kigumu kilichoanza kung'aa nilipopitisha msasa. Mvule mtupu. Ubao mzima mzima, usio na tundu hata moja la mchwa, na michirizi yake imetulia. Sikuongeza chochote kwenye mlango ule. Nilitoa tu. Mteja aliyekuja baadaye alisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote ndani ya nyumba, na bei aliyotaja ilikuwa ya nyumba. Mwenye kuniambia kwamba siku ile nilimlaghai atanieleza nilimlaghai nini.

Basi kufagia, kufua, kung'oa magugu, kufukiza udi, hata kupaka sebule upya, hayo nayahesabu katika adabu ya kumpokea mgeni. Sisi watu wa pwani hatumkaribishi mtu kwenye nyumba isiyofukizwa, na mnunuzi ni mgeni kabla ya kuwa mnunuzi. Tena hakuna anayedanganyika nayo. Anasikia harufu ya rangi mbichi, anajua nyumba imepakwa kwa sababu inauzwa. Mimi na yeye tunalijua jambo lilelile.

Sasa njoo kwenye ukuta wa chumvi. Aliyeishi karibu na bahari anaujua. Nyumba ikijengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au kwa tofali za mchanga wa baharini, kuta zake hunywa maji kutoka ardhini. Maji yanapanda mpaka kimo cha goti, pengine kiuno, yanakauka usoni mwa ukuta na kuacha chumvi. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Ukigonga kwa kifundo cha kidole, plasta inalia utupu. Tiba yake inajulikana, na ni ghali: kubandua plasta hadi kwenye tofali, kutafuta maji yanakoingilia na kuyazuia hukohuko, kuuacha ukuta ukauke kwa wiki nyingi, ndipo upige plasta upya. Njia ya mkato nayo inajulikana. Unakwangua juu juu, unapiga puti, unapiga msasa, unafunika kwa rangi ya mafuta, na jioni ukuta unawaka kama kioo. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Maji yanajikusanya nyuma yake, na masika yakiingia inafura malengelenge na kubanduka magamba magamba. Fundi mzoefu anajua hivyo tangu anachanganya puti. Anajua kwamba kazi ile imekusudiwa ifike siku ya kutia saini, basi.

Watoto wa madrasa tulisimuliwa kisa ambacho Abu Huraira amekipokea na kimo katika Sahihi Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula lililowekwa kuuzwa, akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenyewe, ni nini hiki? Akajibiwa kwamba ni mvua. Ndipo Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Hukumu ile ya mwisho ndiyo inayohubiriwa sana, na ni nzito kweli. Lakini mimi hunishika zaidi yaliyotangulia. Yule muuzaji hakuwa amesema uongo wowote. Mvua ilikuwa mvua, yaani jambo la Mungu, na hakuna aliyemlaumu kwa kunyeshewa. Wala hakuambiwa akatupe chakula chake, au kwamba kilicholowa hakiuziki. Kina bei yake, na kina mtu wa kukinunua, labda wa kupikia siku hiyohiyo. Alichotakiwa ni kupanga lundo lake upya tu, chini kuje juu. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio, yaani kwenye kazi ya namna yangu hasa.

Na kuna hadithi nyingine, katika Bukhari na Muslim, ambayo wafugaji wanaielewa haraka kuliko sisi wa mjini. Mtu anataka kumuuza ngamia au mbuzi wake. Anaacha kumkamua siku kadhaa kabla ya mnada ili kiwele kijae, mnunuzi aone mnyama wa maziwa mengi. Mtume alikataza, na akampa mnunuzi hiari: akishamkamua akagundua, aamue kubaki naye au kumrudisha pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya yale maziwa. Wanazuoni wamehitilafiana, Abu Hanifa hakuona kwamba mnyama hurudishwa kwa sababu hiyo, na sisi Mashafii tunaifuata hadithi kama ilivyo. Ila kwamba lile ni tendo la hila, sijui aliyelipinga. Maziwa ni ya kweli. Kiwele ni cha kweli. Hakuna neno lililosemwa. Uongo wote umefanywa na mpango wa siku.

Kila nikiikumbuka hadithi hiyo naliona boza. Mitaa ambayo maji ya bomba hutoka mara chache, mwenye nyumba huagiza boza la maji Ijumaa usiku na kulijaza tanki lililoinuliwa nyuma ya nyumba. Jumamosi mteja anafungua bomba la jikoni, maji yanaruka kwa nguvu. Anafungua la bafuni, vilevile. Hamuulizi mtu kitu, kwa sababu amejibiwa tayari.

Wanaonisikia nikisema haya katika baraza la kahawa hunidhania kwamba nataka kuwafundisha Uislamu. Sivyo. Jambo hili ni kongwe kuliko misahafu yetu. Niliwahi kupiga rangi nyumba ya mapadri, na paroko, mzee aliyependa kusimama chini ya ngazi akizungumza, alinisimulia kisa kilichoandikwa na Cicero, Mroma, katika kitabu chake cha wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo. Baadaye akaniazima kitabu chenyewe. Canius, mtu wa heshima kutoka Roma, alikuwa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, akasema angependa kununua bustani ya kupumzikia. Pythius, mkopesha fedha wa mji ule, akamwambia: yangu haiuzwi, lakini karibu kesho ule chakula. Kisha akawaita wavuvi, akawaomba kesho waje kuvua mbele ya bustani yake. Canius alipofika akakuta bahari imejaa mitumbwi, na kila mvuvi anakuja kumwaga samaki miguuni pa mwenyeji. Akauliza kulikoni. Akaambiwa samaki wote wa Syracuse wako hapa, hawa watu hawawezi kuishi bila bustani hii. Akamsihi Pythius amuuzie, akalipa alichotajiwa, na vyombo vya ndani juu yake. Siku ya pili akawaalika rafiki zake. Hapakuwa na hata kasia moja. Akamuuliza jirani kama wavuvi wana sikukuu. Jirani akasema hajui sikukuu yoyote, ila hapa huwa hapavuliwi, na yeye mwenyewe alishangaa jana. Cicero anasema Canius hakuwa na pa kushtaki, kwa sababu taratibu za kushtaki hila za namna hiyo zilikuwa bado kutungwa na rafiki yake Aquilius.

Katika kitabu hichohicho kuna mabishano ya wanafalsafa wawili kuhusu nyumba. Mtu anauza nyumba yenye magonjwa inayodhaniwa kuwa na afya, nyoka wanaonekana vyumbani, mbao zimeoza, na ni yeye peke yake anayejua. Je, aseme? Antipater anasema aseme: kumwacha mwenzio aingie hasarani kwa kutojua ni zaidi ya kutomwonyesha njia aliyepotea. Diogenes wa Babeli anajibu: nani amekulazimisha kununua? Umeitazama mwenyewe. Kunyamaza si kuficha. Na kuna kichekesho gani kikubwa kuliko mpiga mbiu anayetangaza kwamba anauza nyumba ya magonjwa?

Diogenes angekuwa dalali mzuri Kariakoo. "Mteja ana macho," ndivyo tunavyoambiwa kila siku. Na nakiri hoja yake haipuuziki. Hata Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwa maelezo ya paroko, alifundisha katika karne ya 13 kwamba muuzaji wa farasi mwenye jicho moja halazimiki kulitangaza jicho lile, kwa kuwa liko wazi kwa kila mtu, ili mradi bei ilingane na hali yake. Bali kasoro iliyofichika, ya kumtia mnunuzi hasara au hatari, hiyo lazima isemwe, na mfano mmoja alioutoa ni nyumba inayotaka kuanguka kuuzwa kama imara. Ufa ulio wazi ukutani nikiuacha ulivyo na nisiseme neno, mteja nimemwachia macho yake. Nikiuziba kwa puti nikasema "ana macho", nimeshayafumba mimi. Diogenes anatetea kimya. Lakini kimya kinachotanguliwa na puti si kimya tena.

Paroko aliposimulia, yeye alikuwa anamfikiria Pythius. Mimi niliwafikiria wavuvi. Wao walifanya nini? Walitupa nyavu baharini, kazi yao halali ya kila siku. Hawakumwambia Canius lolote. Kama walilipwa, walilipwa kwa jasho. Lakini walizaliwa pale, walijua hapavuliwi pale, na walijua kwamba mgeni anayekula bustanini anawaangalia wao. Mwenye nyumba huniambia: "Fundi, wewe paka rangi, muuzaji ni mimi." Maneno hayo yangewatosha wale wavuvi kama wasingejua. Aya ya pili ya Surat Al-Maida inatutaka tusaidiane katika wema, inatukataza kusaidiana katika dhambi, na sioni kwamba imewatoa wanaosaidia kwa malipo ya siku.

Kipimo ninachotumia nimejitengenezea mwenyewe. Najiuliza kama kazi hii ningeweza kuifanya mteja akiwa amesimama mlangoni ananitazama. Kukwangua mlango wa mvule, ndiyo, ningemwita aone. Sebule nyeupe, ndiyo. Udi, ndiyo, moshi wenyewe anauona. Puti juu ya chumvi, hapana. Kumwaga maji ya boza kwenye tanki, hapana. Kusogeza kabati la nguo mbele ya ufa, hapana. Kufuta alama nyekundu ya X ambayo nyumba imewekewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, hapana kabisa, na hilo nimeombwa.

Kipimo hicho ni rahisi kukisema. Kilinilemea Tandale, kwenye nyumba iliyo karibu na Mto Ng'ombe. Mwenyewe ni mama wa makamo ya mama yangu, muuguzi mstaafu, mjane, anayetaka kuhamia kwa binti yake Morogoro. Ilikuwa Agosti, ardhi kavu, mto umebaki mkondo mwembamba wa maji machafu. Ndani ya kila chumba kulikuwa na mstari wa udongo ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba, juu kidogo ya kiuno changu. Chini ya mstari rangi imebadilika, juu yake bado ni ileile ya zamani. Nyaya za umeme zilikuwa zimehamishiwa juu ya mstari ule, na soketi za chini zimezibwa kwa saruji.

"Shikamoo mama," nilimwambia baada ya kuzunguka. "Nyumba nitaipaka. Ila hii alama ya maji, tufanyeje?"

"Marahaba. Hiyo ndiyo niliyokuitia."

Nikamweleza msimamo wangu, kwa heshima niliyoweza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kulisikia mimbarini. "Mwanangu, hapa mtaani wameuza wangapi kimya kimya? Nina deni la matibabu ya marehemu. Kwa nini ukweli wa mto huu niulipie mimi peke yangu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa ninalo nusu. Ni kweli kwamba uaminifu humgharimu maskini zaidi. Tajiri mwenye nyumba inayoingiwa na maji hujenga ukuta wa kuzuia mto, kisha anauza akiwa mkweli na mwenye faida. Mama yule hakuwa na uwezo wa kuwa mkweli kwa bei hiyo. Nilichomwambia ni hiki: hasara ipo tayari, ililetwa na mto, wala si ukweli ulioileta. Kinachobaki ni kama tutamkabidhi mtu mwingine hasara hiyo bila kumuuliza. Na anayenunua nyumba Tandale si tajiri. Ni mtu aliyepokea mafao yake yote mara moja, au aliyekopa. Akijua, anaweza kukataa, anaweza kuomba apunguziwe, anaweza kuinua sakafu kwa kifusi kabla ya vuli. Asipojua, atalaza watoto chini. Desemba 2011 mvua iliua watu katika mabonde ya jiji hili, na walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Mama alikuwa kazini hospitalini mwaka ule, hakuhitaji nimkumbushe.

Tulikubaliana nipake nyumba nzima na stoo ya nyuma ibaki ilivyo, mstari wake uonekane, na akiulizwa aseme. Mteja wa pili alifungua mlango wa stoo. Alipima mstari kwa kiganja dhidi ya mkanda wake wa suruali, akauliza, akajibiwa yote, akaondoka. Baada ya siku chache alirudi na fundi mwashi, wakapima sakafu na kina cha mtaro. Alinunua. Bei aliyolipa ilikuwa chini sana ya ile aliyopata jirani wa nyumba ya tatu. Mama hakunishukuru, na sioni kwa nini anishukuru.

Imamu anasema nilifanya nusu: stoo si lundo, na kilicholowa kilitakiwa kiwe sebuleni. Huenda ana haki. Lakini swali la mama limeniingia kwa undani zaidi ya hoja yake. Katika dini yetu kuna faradhi ambayo wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, na wakiiacha wote, wote wana dhambi. Mazishi ni mfano tunaoujua. Mimi naona maji ya Mto Ng'ombe yako katika fungu hilo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia mauziano, na anajua maji yalifika wapi katika kila nyumba. Majirani wanajua. Dalali anajua. Sote tuko mahali pa yule jirani wa Syracuse, aliyeyaona mambo jana na kusema leo, pesa zikiwa zimeshalipwa. Kama mwenyekiti angemwambia kila mnunuzi, wa kila nyumba ya bondeni, kabla ya kuweka mhuri, bei ingeshuka kwa wote sawasawa na asingekuwapo mjane wa kuulipia ukweli peke yake.

Nimemfuata ofisini kwake nikamweleza hivyo. Alinijibu kwamba wenye nyumba watamchukia, na kwamba uchaguzi hauko mbali. Nilimwambia nimemwelewa, na kwamba nitarudi kabla ya masika.